Pumzi Chini ya Rangi ya Kijani

Mama Magadi alivaa glavu zake ndefu za mpira, akashika mnyororo, akaishusha injini ya kusukuma maji ndani ya pipa polepole, kama mtu anayemshusha mtoto kwenye beseni. Pipa lilikuwa na maji ya moto yaliyoyeyushiwa magadi makali, yale yanayotengenezewa sabuni, ambayo tone lake likikudondokea mkononi utalikumbuka mpaka uzeeni. Alirudi nyuma kidogo, akasubiri. Rangi ya kijani ikaanza kujikunja juu ya chuma kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ilipopasuka, pumzi ikatoka.

Ilikuwa pumzi ndefu ya mwanamume mzima, ile ambayo mtu huitoa akishatua gunia la saruji begani.

"Nani huyo?" aliuliza Spana, fundi wa injini, bila kuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa ndani ya gia mpaka kwenye viwiko.

"Mrefu."

"Msalimie."

"Anakusikia mwenyewe."

"Basi kaka, pole na safari," alisema Spana, akaendelea kuitafuta nati iliyomponyoka.

Mrefu alikuwa mpakaji rangi wa karakana ile. Rangi ya kijani ni yeye aliyeipaka, na alipomaliza kuipaka aliugua kifua, na alipomaliza kuugua alizikwa. Mama Magadi alitafuta kopo tupu la rangi lenye kifuniko kinachobana, akalikinga juu ya mvuke mpaka pumzi ikaingia yote, akagonga kifuniko kwa nyundo. Kisha akachukua brashi ya waya, akaanza kusugua magamba yaliyobaki. Kazi ni kazi.

Injini zile zilikuwa za idara ya maji. Zimeletwa kwa sababu zilikuwa zinapata moto kupita kiasi, na Spana alipoikwangua moja kwa bisibisi alikuta rangi nene kama gome. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya pale. Kitabu cha mafundi kinasema injini ibanduliwe rangi ya zamani mpaka chuma kionekane, ndipo ipakwe mpya. Karakana ile ilikuwa inapaka rangi juu ya rangi, kwa sababu kubandua kunakula siku nzima, na siku nzima ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Mteja akija anaona injini inang'aa, anaondoka anacheka.

Desturi ya pili ilikuwa ya kupuliza. Kabla ya kupaka, mpakaji rangi lazima aondoe vumbi kwenye kila tundu la bolti, la sivyo rangi itafanya vipele. Kazi hiyo hufanywa na kompresa, lakini mpira wa kompresa ulikuwa umetoboka, na upepo uliobaki ulitosha kurushia rangi tu. Kwa hiyo wapaka rangi walipuliza kwa mdomo. Tundu moja moja, injini baada ya injini, na rangi ikifuata nyuma ya pumzi ikiwa bado mbichi, ikiifunika pale pale.

Na desturi ya tatu ilikuwa feni. Feni ya kutoa moshi wa rangi iliahidiwa mara ya kwanza enzi za rangi ya kijivu, na baba yake bosi wa sasa, mbele ya wafanyakazi wote, mkono ukiwa kifuani. Iliahidiwa tena enzi za rangi ya buluu, safari hii kwa soda ya baridi kwa kila mtu. Enzi za kijani tundu lilitobolewa ukutani, likapimwa, likapigwa picha, kisha likazibwa kwa gunia kwa sababu lilikuwa linaingiza vumbi. Gunia hilo lipo mpaka leo. Linabadilishwa likichakaa, katika hilo hakuna aliyezembea.

Jioni Mama Magadi alipita kwa mjane wa Mrefu, ambaye ni mshonaji nguo. Alimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Nimekuletea mgeni," alisema, akaweka kopo juu ya meza.

Mjane alitoa pini moja baada ya nyingine. "Wa kukaa au wa kupita?"

"Sijui, mwenzangu. Fungua."

Alilifungua kwa ncha ya mkasi. Pumzi ilitoka ikaizunguka nyumba yote, ikainua pindo la pazia, ikagusa vitambaa vya wateja kimoja kimoja, halafu ikaenda nyuma ya mlango, ambako koti la marehemu lilikuwa limetundikwa tangu msibani. Ikaingia. Koti likavimba kifuani, si sana.

"Amekonda," alisema mjane.

"Ni ya kijani peke yake. Zitakuja nyingine, injini bado zipo."

Mjane alilisogelea koti, akalikung'uta bega kwa kiganja, akasimama nalo kidogo. "Nashukuru," alisema. "Nashukuru sana, dada. Nilikuwa nalala na ukimya tu humu ndani." Kisha akamwita mgeni wake akae, akamwekea chai.

Ilikuwa wakati wa kuinywa ile chai ndipo Mama Magadi alipofikiri jambo ambalo angepaswa kulifikiri mapema. Chini ya kijani kuna buluu. Na buluu ni ya mumewe.

Mumewe alikuwa hai, nyumbani, ameegemezwa mito karibu na dirisha. Zamani pale karakana walimwita Redio, kwa sababu akiwashwa asubuhi hazimiki mpaka jioni. Alikuwa na habari za kila mtu, na kama hana alitunga. Lakini siku moja, akiwa anapaka zile injini rangi ya buluu, alikutwa ameanguka ndani ya chumba cha rangi, na tangu siku hiyo pumzi ikawa haimtoshi. Maneno aliyoweza kuyasema kwa siku yalikuwa machache, akawa anayachagua kama mtu aliyeingia dukani na sarafu moja. Salamu aliziacha. Akaziacha "tafadhali" na "kwa hiyo." Akabaki na maji, dirisha, mto, na jina la binti yake.

Daktari aliyeletwa na bosi aliandika kwamba ni sigara. Redio hakuwahi kuvuta sigara maisha yake yote. Alikuwa akimung'unya pipi za mnanaa ili kuua ladha ya rangi. Alipotaka kumweleza daktari hivyo, alifika kwenye "pipi," pumzi ikaisha, na daktari akaandika pia kwamba mgonjwa anapenda vitu vitamu.

"Mume wangu," alisema Mama Magadi akivua viatu, "pumzi zako nimejua ziliko."

Redio alimtazama.

"Ziko kwenye injini za idara ya maji. Chini ya kijani. Leo nimemtoa Mrefu, kesho nakutoa wewe."

Redio alikusanya nguvu. "Zote?" aliuliza.

"Zote nitakazoziona."

Binti yao, ambaye huandika mabango ya maduka na mkono wake hautetemeki hata akiwa juu ya ngazi, alikuwa akisugua brashi zake kwa mafuta ya taa. "Chukua makopo yangu, mama," alisema. "Yana vifuniko vizuri."

Kesho yake rangi ya buluu ilianza kujikunja kabla ya saa ya chai. Mama Magadi aliitambua pumzi kabla haijatoka nusu. Ilikuwa na harufu ya mnanaa. Na ilitoka kwa mtindo wa mwenyewe: fupi, fupi, halafu ndefu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kila tundu la bolti lilitoa ya kwake. Alikinga makopo moja baada ya jingine, na mafundi wengine wakawa wanampokea, wanagonga vifuniko, wanayapanga ukutani. Spana aliyaandika kwa chaki, "Redio," "Redio," "Redio," yasije yakachanganyika na ya grisi.

Jioni hiyo mkewe alifungua kopo la kwanza chini ya pua yake. Redio alivuta. Mabega yake, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio, yakashuka. Kopo la pili lilimpa rangi midomoni. Alipovuta la tatu alifumba macho, akayafumbua, akasema kwa sauti iliyonyooka:

"...na ndiyo maana nilikwambia shemeji yako asipewe ile baiskeli."

Ilikuwa sentensi aliyoianza kabla hajaugua. Mkewe alikaa chini.

"Baiskeli aliiuza," alisema.

"Si nilisema!"

"Ulisema, mume wangu. Ulisema kweli."

Binti alicheka mpaka akaangusha brashi. Usiku ulipoingia Redio alikuwa bado anazungumza. Alimaliza kisa cha fundi aliyelala ndani ya boila. Alimaliza ugomvi wake na mwenye nyumba, akaushinda. Aliwasalimia wote mle ndani, mmoja mmoja, salamu zile ndefu za kuulizana mpaka majirani wa mbali, na walimjibu zote bila kuruka hata moja. Mama Magadi aliosha vyombo akimsikiliza, na kila aliposuuza sahani alisema moyoni, asante. Hakuwa na wa kumwambia hasa. Aliiambia sahani.

Siku zilizofuata injini zilibanduliwa kwa zamu, na Redio akawa anarudi kwa zamu. Akaweza kukaa bila mto. Akaweza kupuliza chai yake mwenyewe. Chini ya buluu ilitoka rangi ya kijivu, ya zamani kabisa, na pumzi zake zilikuwa za watu ambao hakuna aliyewajua. Mama Magadi aliita, "Mna wenyewe?" Hazikujibu. Watoto wao walishahama, au hawakuambiwa baba alikuwa akifanya kazi wapi. Zilitoka kwenye pipa zikaenda zikajipanga kando ya ukuta karibu na mlango wa ofisi, zikasimama hapo kama watu wanaongoja kuitwa. Kila aliyepita alisema "samahanini" na kupinda kidogo asizikanyage. Zipo hapo mpaka sasa.

Lakini Redio alikuwa bado hawezi kusimama. Akijaribu, magoti yalikubali, kifua kikakataa.

"Bado ile kubwa," alimwambia mkewe. "Ile ya siku niliyoanguka. Nilikuwa napaka kifuniko cha valvu cha ile injini yenye ufa. Pumzi yote niliyokuwa nayo niliiachia pale. Bila hiyo, mama, nitakuwa redio ya mezani. Ya kubebwa sitakuwa tena."

"Siku ile ilikuwaje?" aliuliza mkewe. Hakuwahi kumwuliza, kwa sababu mumewe hakuwahi kuwa na pumzi ya kujibu. Bosi alikuwa amewaeleza watu kwamba mlango wa chumba cha rangi ulikuwa wazi, na kwamba mtu anayesikia kizunguzungu huku mlango uko wazi na asitoke, huyo ana lake jambo.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. "Hiyo nayo nimeiacha humo humo," alisema.

Kifuniko kile kilikuwa cha alumini. Mtu wa pipa hahitaji kuelezwa maana yake: chuma ukikitia kwenye magadi hutoka safi, alumini ukiitia huchemka na kuliwa kama sukari kwenye chai. Rangi huondoka, na kilichoshikwa na rangi huondoka na mvuke, hakuna kopo litakalokiwahi. Alumini hubanduliwa kwa mkono, kwa kijiti cha mbao na subira. Mama Magadi alikiweka kifuniko mapajani, juu ya gunia, akaanza kwenye ukingo.

Bosi Mdogo alitoka ofisini. Wanamwita hivyo ingawa mvi zimemjaa kichwa kizima, kwa kuwa Bosi alikuwa baba yake, na baba yake aliporithiwa hakuna aliyekumbuka kubadilisha jina. Alizipita pumzi za kijivu, akatembea juu ya miguu yao. Idara ya maji ilikuwa imepiga simu. Nusu ya mji haina maji, injini zinatakiwa.

"Hicho unakipapasa nini kutwa nzima? Tia kwenye pipa na vingine."

"Hiki ni alumini, bosi. Kitaliwa."

"Kikiliwa kiliwe. Nitaweka kingine. Tia."

"Kina mume wangu ndani, bosi."

Bosi Mdogo alikitazama kifuniko. Hakubisha kwamba alikuwamo. "Mumeo nimeshamrudishia nyingi," alisema. "Nimewaacha mnabeba makopo, nimewaambia kitu? Mimi si mtu mbaya. Lakini siwezi kuufungia mji maji kwa ajili ya pumzi moja. Tia kwenye pipa."

Mama Magadi hakuinuka. Mkono wake na kile kijiti viliendelea, taratibu, kwenye ukingo. Bosi Mdogo aliinama akashika upande wa pili wa kifuniko. Kwa muda kidogo walikuwa wamekishika wote wawili kama watu wanaohamisha meza.

Hapo Spana alifuta mikono yake, akazima moto chini ya pipa, akachukua ubao mpana akauweka juu ya mdomo wa pipa, na juu ya ubao akaweka sahani yake ya chakula cha mchana.

"Bosi, karibu," alisema.

Mafundi wengine waliacha walichokuwa wakifanya. Wakaja na sahani zao, na vikombe vyao, na birika, wakavipanga juu ya ubao. Wakasimama kulizunguka pipa bega kwa bega, wakaanza kula.

"Saa ya chakula bado," alisema Bosi Mdogo.

"Njaa haina adabu, bosi. Karibu."

"Ondoeni hivyo vitu."

"Chakula kiko mdomoni, bosi, mtu anaondoaje? Karibu bwana, usitutie aibu. Kula na sisi."

Walimkaribisha kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja kwa heshima zote. Anayemaliza alijipakulia tena kutoka kwa mwenzake. Birika lilipoisha lilichemshwa jingine. Hakuna aliyegoma, walikuwa wanakula. Watu ambao kwa kawaida humaliza sahani kabla haijapoa walitafuna siku hiyo kama wazee wasio na meno, huku wakisifu chumvi. Bosi Mdogo alisimama, akakaa kwenye tairi, akasimama tena. Mwishowe alikiachia kifuniko, kwa sababu mtu anayekaribishwa hivyo hawezi kuendelea kuvutana, akapokea kikombe cha chai.

Na Mama Magadi akabandua. Kijani ilitoka kwa vipande vidogo vidogo kama kucha. Buluu ilipoonekana alipunguza mkono zaidi. Kwenye kona moja palikuwa na rangi iliyoganda kwa kumwagika, pale mpakaji alipoanguka juu ya kazi yake. Aliingiza ncha ya kijiti chini ya hapo, akainua.

Pumzi ikatoka na sauti ndani yake.

"Fungueni mlango! Jamani, fungueni! Komeo! Nakufa humu!"

Ilikuwa sauti ya Redio, changa kidogo kuliko ya sasa. Iliijaza karakana, ikagonga bati la paa, ikarudi. Bosi Mdogo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na chumba cha rangi, na mkono wake ulikwenda wenyewe, ukavuta komeo la nje, ukafungua mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Wote walikitazama. Kuta zake zilikuwa na rangi zote, kijivu, buluu, kijani, na kwenye upande wa ndani wa mlango, usawa wa kiuno cha mtu aliyepiga magoti, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha mpaka mbao inaonekana.

Spana aliweka sahani chini.

"Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa kwa nje," alisema.

"Vumbi," alisema Bosi Mdogo. "Siku ile kulikuwa na vumbi. Mlango ukiachwa wazi rangi inaharibika, hilo mnalijua wote." Akaurudisha mlango, akalisukuma komeo, akamalizia chai yake.

Pumzi, ikiwa imeshamwaga sauti yote, ilikuwa inazunguka chini chini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama Magadi alifungua kopo akaliweka sakafuni. Ikaingia yenyewe. Ilikuwa imechoka.

Kesho yake Redio alikuja karakana kwa miguu yake. Alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa ndevu, binti yake upande mmoja na mkewe upande wa pili, ila hakuwaegemea. Alianzia mlangoni kusalimu. Aliwakumbatia mafundi wote, wenye grisi na wasio na grisi, shati likageuka ramani. Alimshukuru Spana kwa sahani ile. Alizishukuru pumzi za kijivu kwa kumwangalizia nafasi. Alilishukuru pipa. Alimwinua mkewe mkono mbele za watu akasema, "Huyu, mnayemwona huyu, amenichimba kutoka kwenye chuma kwa kijiti," na Mama Magadi akajificha uso kwa ukingo wa kitenge, kwa furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Kisha Redio akaenda kwa Bosi Mdogo, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bosi, nakushukuru. Ungeweza kuyazuia makopo, hukuyazuia."

Bosi Mdogo aliguswa kweli. Alitoa leso. "Mnaona?" aliwaambia wote. "Nimewaambia siku zote. Kwenye karakana hii hakuna kinachopotea."

"Na feni, bosi?" aliuliza Spana. "Na lile komeo?"

"Feni?" Bosi Mdogo alimgeukia kwa upole, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake. "Hebu fikiri, Spana. Kungekuwa na feni, si ingezitoa pumzi za huyu bwana nje zote, zikapotelea hewani? Leo tungezipata wapi? Na mlango ungekuwa wazi, si ndiyo yale yale? Tumshukuru Mungu hatukuweka feni."

Watu walitafuta jibu. Lilikuwapo, kila mtu alilihisi liko mahali fulani karibu, lakini Redio alikuwa amesimama katikati yao, mzima, anapumua kwa sauti, na ilikuwa vigumu kulitoa jibu lile bila kumpitia yeye. Redio mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Spana peke yake ndiye aliyebaki anamtazama bosi, halafu akalitazama gunia ukutani, halafu akarudi kwenye gia zake, akaikaza nati moja mpaka ikakatika.

Injini zilikuwa safi, chuma kitupu, zinangoja rangi mpya. Idara ya maji ilichagua nyekundu. Mpakaji rangi hakuwapo. Bosi Mdogo alimtazama binti, akauliza kama ni kweli mkono wake hautetemeki, akaambiwa ni kweli, akampa kazi pale pale, kwa heshima ya baba yake. Familia nzima ilishukuru. Kazi ya kudumu si kitu cha kuokota njiani, na mabango ya maduka huandikwa mara moja tu.

Redio alimfundisha kupuliza. Alikaa juu ya tairi akamwonyesha: fupi, fupi, halafu ndefu, mpaka ndani kabisa ya tundu. Binti alijaribu. Alikuwa na pumzi nzuri, ya kijana, pana, isiyokuwa na kikohozi chochote. Mafundi walisimama kumsikiliza.

"Hiyo inatosha injini kumi," alisema mmoja.

Binti aliingia chumba cha rangi na kopo lake la nyekundu na bomba la kurushia. Alifunga kitambaa kichwani. Alimpungia baba yake mkono, akauvuta mlango. Bosi Mdogo, akiwa mlangoni mwa ofisi na simu sikioni, alionyesha komeo kwa kidole, na kwa kuwa Mama Magadi ndiye aliyekuwa karibu, Mama Magadi ndiye aliyelisukuma.

Alisimama hapo, glavu zikiwa bado mikononi. Ndani alisikia mwanawe akianza kazi, tundu la kwanza, la pili. Aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Upake nyembamba."

"Nyembamba kiasi gani?"

"Nyembamba tu. Isije ikanipa tabu kuibandua."

"Sawa, mama," alisema binti, na bomba likaanza kuvuma.